Fundi mitambo anaweza kuongeza, hawezi kupunguza: kero za shoo za laivu kwa aliyekaa pande zote mbili

Mkuu, umeuliza ni kero zipi zinawasumbua zaidi wanamuziki na mafundi mitambo kwenye shoo za laivu, kwa nini shoo ikiharibika pande hizi mbili hurushiana lawama, na kama bendi yenu inunue miksa yake ili kumaliza matatizo. Nimekaa pande zote: nilianza kwa kupiga besi, siku hizi muda mwingi niko nyuma ya miksa, ile meza ya vitufe inayokusanya na kuchanganya sauti zote. Jibu litakuwa refu, wenye haraka mtanisamehe.

Kwangu mimi mama wa kero zote ni sauti inayotoka jukwaani kwenyewe. Hata wapigaji wazoefu wanaamini kila kinachosikika ukumbini kimepitia mikononi mwa fundi. Hakijapitia. Kilichoingia kwenye maiki nikakipeleka kwenye spika kubwa, hicho nina amri nacho. Amplifaya ya gitaa iliyofunguliwa mpaka mwisho na dramu inayopigwa kwa nguvu zote vinawafikia watazamaji moja kwa moja, mimi vinanipita pembeni. Naweza kuongeza, kupunguza siwezi. Nikiwa nimeshafunga kabisa chaneli ya solo, yaani njia ya gitaa hilo kwenye miksa, na bado watu wa mbele wanaziba masikio, kwenye miksa hakuna kitufe cha kunisaidia tena. Na ndipo anapokuja mtu kuninong'oneza: "Fundi, punguza gitaa."

Mambo huanza hivi. Ukumbi ni mdogo, mpiga dramu anapiga kwa nguvu za uwanjani. Mpiga solo hajisikii, anaongeza kidogo. Besi inapotea, nayo inaongezwa. Kinanda hakikubali kubaki nyuma. Mwimbaji ndiye pekee asiye na kitufe cha kuzungusha, kwa hiyo ananinyooshea kidole juu: niongezee kwenye monita, ile spika ya jukwaani inayomwelekea ili ajisikie. Naongeza. Anaomba tena. Naongeza mpaka sauti ya monita inaingia kwenye maiki, ya maiki inarudi kwenye monita, na mluzi unapasua ukumbi. Wote wanageuka kunitazama mimi. Wanafizikia wanauita mzunguko huo athari ya Larsen, kwa jina la Søren Larsen wa Denmark. Jukwaani jina lake ni "huyu fundi hajui kazi".

Vita hiyo ya kuongezeana haina mshindi, na hesabu zake ziko wazi. Ukiipa spika nguvu mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, badiliko ambalo sikio linalisikia lakini halishtuki. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Maiki nazo zina hesabu yake: kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza takriban desibeli 3 za nafasi uliyokuwa nayo kabla ya mluzi. Kwaya ya watu 8 inayodai maiki 8 imejinyima desibeli 9 kabla hata haijaanza kuimba. Maiki mbili tatu zilizokaa vizuri, watu wakasogeleana, zitawatendea haki zaidi, ila jaribu kumwambia hivyo mwimbaji ambaye jirani yake amepewa ya kwake.

Kuhusu wapiga gitaa nina maneno kidogo. Tatizo lao mara nyingi si ubishi, ni mahali amplifaya ilipokaa. Imewekwa sakafuni, mwenyewe amesimama nusu mita mbele yake, spika inamlenga magotini. Sauti za juu za gitaa, zile nyembamba zenye makali, husafiri kwa mstari, hazipindi kufuata masikio. Kwa hiyo yeye anasikia mngurumo mzito usio na makali, anaongeza makali, anaongeza sauti, na yale makali yote yanapita katikati ya miguu yake kwenda kuwachoma waliokaa mbele. Kuna mpiga solo mmoja mzuri sana tulikuwa tumeshaanza kununiana naye wakati wa kupima sauti. Nikaacha kubishana, nikamwomba achuchumae mbele ya amplifaya yake, sikio lisawazike na spika, apige kodi moja tu. Akapiga. Akafumba jicho moja, akakaa kimya kidogo, kisha akanyoosha mkono na kuzungusha vitufe viwili kurudi nyuma, vyote kwa mpigo mmoja. Tukainyanyua ile amplifaya tukaiweka juu ya sanduku, tukailaza kidogo imwangalie usoni. Shoo nzima hakuongeza tena.

Maiki zina visa vyake. Kile kinachoniudhi kuliko vyote ni mwimbaji anayekumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Inapendeza kwenye picha, nakubali. Lakini maiki ya kuimbia ya kawaida, mfano Shure SM58 ambayo imekuwepo tangu 1966, imetengenezwa isikie mbele na ipuuze nyuma, na inafanya hivyo kwa kutumia matundu yaliyoko nyuma ya kile kichwa cha waya. Ukiyaziba kwa mkono, inaanza kusikia pande zote, ikiwemo monita iliyoko miguuni pako. Maneno yanakuwa ya kwenye ndoo na mluzi unakaribia. Shika mpini, basi. Pia usiishushe ovyo kiunoni wimbo ukiisha, maana kiunoni ndiko monita inakotazama.

Umbali nao. Ukitoka sentimita 3 hadi 12 kutoka mdomoni umepoteza kama desibeli 12, halafu mimi ndiye ninayelazimika kuzirudisha pamoja na kelele zote za dramu zilizoko nyuma yako. Wazoefu husogea mbali wanapopaza na kurudi karibu wanapoimba kwa utaratibu. Wengi wa wanaoanza hufanya kinyume. Wale wa kugonga maiki kwa vidole na kuipuliza "fuu, fuu" ili kuijaribu, ongeeni tu jamani. Mkiongea nitawasikia.

Sasa nigeuke upande wangu, maana mafundi nasi si malaika. Nilipokuwa napiga besi, kilichokuwa kinanikera zaidi ni fundi anayejibu "iko sawa" bila kupanda jukwaani hata mara moja. Hawezi kujua. Kinachosikika pale alipo na kinachosikika jukwaani ni vitu viwili tofauti. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 20 kutoka jukwaani, sauti ya spika kubwa inakwenda na kurudi kwa muda wa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwimbaji aliyenyimwa monita ya maana anaishia kufuata ule mwangwi, anachelewa, mpiga dramu naye anamsubiri, wimbo unalegea. Nje watu wanasema bendi haijafanya mazoezi. Ukumbi mtupu ndio mbaya zaidi kwa hilo. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sauti nyingi za juu, na vipimo vya mchana vinabadilika. Fundi anayeamini mipangilio ya saa kumi haihitaji kuguswa saa tatu usiku anajidanganya.

Kuna fundi wa simu, yule ambaye solo inaanza yeye anacheka na ujumbe, solo ikiisha ndiyo anainyanyua. Kuna anayependa dramu ya mguu mpaka kifua kinatikisika, wakati mashairi huyapati hata neno. Na kuna anayeacha mwangwi wa kutengenezwa na miksa wazi baina ya nyimbo, mwimbaji akisema "asanteni" linajirudia mpaka watu wanaanza kucheka. Kuuzima ni kitufe kimoja.

Anayependa kusema "iongeze monita" ajue kuna njia nyingine, na fundi pia aikumbuke. Mwimbaji akisema hajisikii, jambo la kwanza ninalofanya ni kumtolea vitu kwenye monita yake: kinanda, gitaa la pili, na dramu ambayo tayari anaisikia kwa mgongo. Mara nyingi anainua dole gumba kabla sijagusa sauti yake. Na angalia monita imekaa wapi. Kwa maiki ya kawaida sehemu isiyosikia iko nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo monita ikae hapo. Zipo maiki nyingine, kama Shure Beta 58A, ambazo nyuma kabisa zinasikia kidogo na sehemu zake za ukimya ziko pembeni kuelekea nyuma, kushoto na kulia. Kwa hizo monita inasogezwa pembeni. Fundi asiyejua tofauti hiyo atahangaika na mluzi usiku kucha huku akilaumu monita.

Waandaaji wa shoo siwasahau. Kero yao ni moja: wanaiba muda wa kupima sauti. Jukwaa linachelewa, umeme unachelewa, hotuba hazina mwisho, na dakika zote zilizopotea zinakatwa kwetu. Ikifika hapo usilazimishe kupima nyimbo nzima. Hakikisha tu kila chaneli inaleta sauti, monita za waimbaji zinafanya kazi, kisha wimbo wa kwanza uwe mwepesi wenye sehemu ndefu ya vyombo, fundi arekebishie humo. Bendi inayofungua na wimbo wake mgumu kuliko yote bila kupima sauti inajitafutia.

Umeme ni habari ndefu, nitaigusa tu. Ule mvumo wa chini usiokatika hutokea mara nyingi vyombo vinapochukua umeme sehemu tofauti kisha vikaunganishwa kwa nyaya za sauti, na unavuma kwa hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi, pamoja na vizidisho vyake. Dawa ni kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya chombo na waya wa kwenda kwenye miksa, chenye swichi ya kukata ethi (waya wa ardhini) ya upande wa sauti. Dawa isiyokubalika ni kung'oa pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Hiyo pini ndiyo inayomlinda mpiga gitaa ambaye mikono iko kwenye nyuzi na midomo inagusa maiki. Hitilafu ikitokea pini haipo, umeme utapita kwake. Nikikuta plagi imeng'olewa pini siiunganishi, na hapo sijali nani atanuna. Miksa za dijitali nazo umeme ukiyumba sekunde moja zinazima na kuanza kujiwasha upya, ukumbi mzima ukisubiri. UPS ndogo tu, yaani kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ya kulisha miksa inamaliza aibu hiyo.

Vingine ni vidogo ila vinachosha. Muziki wa kuimbia juu yake unaotoka kwenye simu, halafu simu inaita katikati ya kiitikio. Weka hali ya ndegeni. Betri za maiki zisizo na waya zilizobaki kutoka shoo iliyopita. Nyaya zilizokunjwa kwa kuzungushiwa kiwiko mpaka zimejisokota na kukatika ndani. Mgeni anayeweka glasi juu ya miksa. Na yule mtazamaji anayekuja kuniambia besi haisikiki, wakati amesimama kona ya bafe ambako hakuna spika inayoelekea. Namwomba asogee hatua kumi katikati, nami naenda kusimama alipokuwa. Mara nyingine ana haki, ndiyo maana naenda.

Masikio, kabla sijasahau. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mwisho wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa hesabu hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu, na mpiga dramu kwenye ukumbi mdogo anafika hapo bila shida. Anayepiga kila wiki bila viziba masikio atakuja kumwomba fundi sauti za juu ambazo tayari zipo, ila yeye hazisikii tena.

Sasa la kununua miksa. Mimi nisingeanza nayo. Kumbi nyingi zina ya kwao, na yako ikifika kwenye mitambo ya mtu mwingine inazaa ubishi mpya wa nani anaunganisha nini. Fedha ya kwanza iende kwenye nyaya nzuri za jeki na za maiki, visanduku vya DI vya kinanda na besi, na maiki ya mwimbaji wenu mkuu ili asipokezane mate na watu. Ikibaki, nunueni monita za masikioni, zinazovaliwa ndani ya sikio badala ya spika ya sakafuni, mkianza na mwimbaji na mpiga dramu. Monita ya sakafuni ikiondoka mbele ya mwimbaji, chanzo kikubwa cha mluzi kimeondoka nayo, na mpiga dramu anayejisikia vizuri masikioni hupunguza mkono mwenyewe. Halafu siku mbili kabla ya shoo mtumieni fundi orodha ya chaneli: nani anapiga nini, anasimama upande gani, nani anaimba, nani anahitaji umeme. Ukurasa mmoja unatosha.

Ukiwa na swali la spika gani za kununua kwa ajili ya mazoezi, lifungulie uzi wake, nitachangia huko.