Kitenzi "run" cha Kiingereza: usikariri maana zake, tazama kinaambatana na nini

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba ulifungua kamusi kutafuta maana ya "run", ukakutana na safu baada ya safu za maelezo, na sasa unataka kujua ni maana zipi uzikariri kabla ya kuanza kazi ya kutafsiri. Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa muda mrefu, kisha nikaingia katika kutafsiri mikataba na miongozo ya mitambo, na katika kazi zote mbili sijaona kitenzi kinachowasumbua watu kama hiki. Ushauri wangu ni kwamba usikariri orodha yoyote, bali ujizoeze kutazama ni kitu gani kinachotenda, kinatendewa nini, na ni neno gani dogo linalofuata.

Wingi huo unaoulalamikia ni wa kweli. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika majuzuu 20, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa "set". Kamusi hiyo ilipoanza kupitiwa upya, "run" kilikipita. Mhariri Peter Gilliver, aliyepewa kazi ya kukishughulikia, alitumia takriban miezi 9 na kufikisha maana 645 za kitenzi hicho peke yake, bila kugusa nomino. Mtu mzima aliyezaliwa London hazijui zote, wala hazihitaji.

Linalosaidia ni kuelewa zilivyozaana. Tangu Kiingereza cha kale, kitenzi hiki kilihusu mwendo wa haraka wa miguu na pia mtiririko wa maji, na nyingi ya maana zilizofuata zimechipuka katika wazo la kitu kinachokwenda bila kukatika. Ukuta au mpaka unaoambaa kutoka hapa hadi kule "runs", na mkataba unaodumu miaka miwili nao "runs", kwa sababu muda umechukuliwa kama njia inayopitwa. Mapinduzi ya viwanda yalipoanza Uingereza katika karne ya 18, mashine nazo zikahitaji kitenzi cha kueleza kwamba ziko kazini, na hiki kikawa tayari. Baadaye treni, kiwanda, hoteli na hatimaye programu ya kompyuta vikaingia humo humo. Kwetu kazi hiyo imegawanywa kwa vitenzi kadhaa: mtu hukimbia, maji hutiririka, injini huunguruma, biashara huendeshwa, nguo huchuja rangi, mgombea hugombea. Kiingereza kimevifunika vyote kwa kitenzi kimoja, na mfasiri ndiye anayelazimika kuvitenganisha tena.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu. Kwenye pampu nyingi za maji hubandikwa onyo lisemalo "Do not run dry". Niliwahi kupewa kazi ya kuhariri mwongozo ambamo onyo hilo lilikuwa limetafsiriwa "Usikimbie ukiwa mkavu". Kila neno lilikuwa limetoka katika kamusi, lakini fundi asingeelewa chochote, na pampu za aina nyingi zikizungushwa bila maji huharibika haraka, kwa kuwa maji yale yale ndiyo yanayopoza na kulainisha sehemu inayozuia kuvuja. Mfasiri angejiuliza swali moja tu, yaani ni kitu gani "kinakimbia" hapa, angeona kwamba ni mashine, na mashine kwetu huwashwa. Tafsiri sahihi ni "Usiwashe pampu bila maji." Angalia pia kwamba "dry" haikutafsiriwa kuwa "kavu", maana ya neno moja ilipopatikana, ya jirani yake nayo ikafunguka.

Kwenye mikataba ya ardhi utakutana na wajibu ambao "runs with the land". Maana yake ni kwamba wajibu huo unaifuata ardhi, hata ikiuzwa mara ngapi, na humfunga kila mmiliki mpya. Ukisoma habari za fedha utakuta "a run on the bank", kama ile ya Septemba 2007 nchini Uingereza, wateja wa Northern Rock walipopanga foleni nje ya matawi ili watoe akiba zao. Hapa miguu imerudi, maana watu kweli wanaikimbilia benki, lakini kinachoelezwa ni hofu ya umma kwamba fedha zitakwisha.

Usidhani kwamba jambo hili ni geni kwako. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga hodi, tunapiga chafya, na hakuna mtoto aliyefundishwa orodha ya maana za "piga". Alisikia kitenzi pamoja na nomino yake, akavihifadhi pamoja. Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika na "piga" kama unavyohangaika wewe na "run", na dawa yenu ni ile ile.

Tofautisha hali hii na ile ya maneno yanayofanana kwa bahati tu, kama "kaa" la moto na "kaa" wa baharini, au "bat" ambaye ni popo na "bat" ambalo ni gongo la kriketi. Huko usitafute uzi wa kuunganisha, kwa sababu haupo.

Kuhusu kamusi, ile kubwa ya Oxford hupanga maana kwa historia, ya zamani kwanza, kwa hiyo haifai kwa mtu anayetaka jibu la haraka. Nunua kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, ambayo kwa kawaida hutanguliza matumizi ya kila siku na kutenga sehemu ya "run out", "run into", "run over" na wenzake. Hivyo vishike kama vitenzi vinavyojitegemea: kuishiwa, kukutana na mtu bila kutarajia, kugonga kwa gari. Katika daftari lako andika sentensi nzima uliyoikuta, kisha chini yake Kiswahili ambacho fundi, mwanasheria au muuguzi angekitamka mwenyewe. Kwa muuguzi, "running a temperature" ni kuwa na homa, na "a runny nose" ni kutokwa na makamasi.