Namba ya mafuta inarukaruka mara 4 mara 30, niiamini au nifunge geji nyingine?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Premio ya 1500cc, napiga Mtwara–Masasi karibu kila siku na abiria. Kwenye dashibodi kuna namba ya kilomita kwa lita, inaruka mara 4 mara 30, halafu kuna taa ya kijani ya ECO. Nikizifuata nachanganyikiwa tu na mafuta yanaisha vilevile. Kuna geji ya maana naweza kufunga? Na bro ana Canter, yeye je?

JIBU: Nzuri kaka. Geji yako nzima wala usiipeleke kwa fundi, shida ni ilivyobuniwa. Ile namba inachukua mafuta yanayopita kwenye injekta, vile vidude vinavyopulizia mafuta kwenye injini, sekunde hii inalinganisha na spidi ya sekunde hii, sasa umesimama Mnazi Mmoja unasubiri abiria injini inanguruma lazima isome sifuri, na ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko huku gia imeshika kompyuta inafunga injekta kabisa, namba inapaa mpaka mwisho. Kote huko haidanganyi ila dereva ana nusu sekunde ya kuchungulia, atashika lipi? Na ule wastani wa safari nzima nao ni mzito, umeshafika Ndanda hata ukanyage vipi hausogei.

Ningepewa mimi kuitengeneza ningeweka wastani wa sekunde 10 hivi. Inachelewa kidogo, lakini ukiovateki lori unaona palepale imekugharimu nini.

Halafu hiyo kilomita kwa lita inapotosha watu wengi. Gari ikitoka 8 kwenda 10 kwa lita, kila kilomita 100 umeokoa lita 2 na nusu. Ikitoka 15 kwenda 17, nayo imepanda 2 zilezile, hujaokoa hata lita moja! Ndo maana nasema geji isome lita kwa kilomita 100, au shilingi kabisa, shilingi dereva haimpiti.

Taa ya ECO inaangalia zaidi umekanyaga kiasi gani, na inajua kuwaka na kuzima basi. Honda kwenye Insight ya 2009 walifanya vizuri zaidi, rangi nyuma ya spidi inahama taratibu kutoka bluu kwenda kijani kadiri unavyoendesha kwa upole, unaiona kwa pembe ya jicho bila kusoma kitu.

Kwako wewe tafuta kidude cha OBD cha blutuu, kile cha kusoma kompyuta ya gari, kinachomekwa kwenye soketi chini ya usukani, na simu yako ya zamani iwe ndo geji. Programu inasoma sensa ya hewa, inagawanya kwa 14.7 maana petroli gramu 1 inaungua na hewa gramu 14.7 hivi, inapata mafuta. Mfano sensa ikisoma gramu 12 kwa sekunde hapo ni kama lita 4 kwa saa, na kama uko spidi 80 ni lita 5 kwa kilomita 100. Weka lita kwa 100, weka wastani mfupi, futa mishale mingine yote. Jaribu kidude kwanza kabla hujalipa, baadhi ya gari za soko la Japani soketi ipo ila hakishiki. Usiku kichomoe, kinanyonya betri. Na namba zake zisahihishe kwa kujaza tenki full mpaka full pampu ileile, kinaweza kukosea kidogo.

Canter ya bro kama ni ya zamani yenye pampu ya dizeli ya kawaida isiyo na kompyuta, hicho kidude hakina cha kusoma. Asije akauziwa geji ya vakyumu pia, ile inayopima injini inavyovuta hewa, ile ni ya petroli, dizeli ya kawaida haina kile kilango cha kubana hewa kwahiyo mshale utamdanganya tu. Aangalie mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, wenye ukanda wa kijani akae humohumo na abadilishe gia mapema, kupanda Newala na mzigo wa korosho ukanda utamshinda na hapo asijilaumu.