Kugandisha diski kabla ya snapshoti

Ndugu, kupiga snapshoti (nakala ya papo hapo) ya diski ya EBS, yaani diski ya wingu la AWS, hakulazimu kuzima seva. Gandisha, yaani simamisha uandishi, kwa `fsfreeze -f /data` (`/data` ni mahali diski ilipopachikwa), piga snapshoti, kisha `fsfreeze -u /data`. Usingoje ikamilike, hali ikishasoma `pending` fungua, maana kinachonakiliwa ni data ya wakati ule ule ulipoipiga. Kwa snapshoti ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski), si ya EBS, huhitaji hata hilo, LVM yenyewe hugandisha.

Ila nakusihi, usiguse `/`, mzizi wa mfumo. Ukiigandisha, hata amri ya kufungua inaweza kukwama, ubaki na kuwasha mashine upya. Weka `trap` (amri ya shell inayoendeshwa skripti inapokoma) kwenye skripti ili ifungue hata snapshoti ikifeli.

Kama kuna hifadhidata ya MySQL yenye majedwali ya MyISAM (aina mojawapo ya uhifadhi wa majedwali), tanguliza `FLUSH TABLES WITH READ LOCK`, inayoweka kufuli la kuzuia uandishi, na sesheni hiyo isifungwe: ikifungwa, kufuli linaachia.