Usiguse mashine kwa sababu ya mfuko mmoja

Wiki zangu za kwanza katika kiwanda cha saruji hapa Tanga niliwekwa upande wa kufungasha. Kila nusu saa nilichukua mfuko mmoja, nikaupima kwenye mizani ya pembeni na kuandika kilo. Ukisoma 49.7 nilikimbia kumwambia kaka wa mashine aongeze. Unaofuata ukisoma 50.6, apunguze. Niliamini huko ndiko kulinda ubora. Mwezi ulipoisha uzito ulikuwa unapishana kuliko kabla sijafika, na lawama zikamwangukia yeye. Linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nawaandikia wadogo zangu mnaoanza.

Hakuna mashine inayojaza sawasawa kila mara. Saruji inakuja nyepesi kidogo, hewa inasukuma zaidi, mfuko haukukaa vizuri mdomoni. Mambo madogo mengi yanajumlika. Kupanda na kushuka huko ndiyo tabia ya mashine yenyewe. Ukikimbizana nako mfuko kwa mfuko, unaongeza yumbayumba yako juu ya yake. Kwa hesabu, ukirekebisha kila mara kwa kiasi chote cha kosa, mtawanyiko unakua karibu mara 1.4.

Walter Shewhart, aliyefanya kazi na wahandisi wa simu Marekani, alichora chati ya kutenganisha mambo haya mawili mwaka 1924: tabia ya kila siku, na jambo geni lililoingia.

Kalamu na karatasi ya mraba vinatosha. Chukua vipimo 20 hivi mfululizo, tafuta wastani, huo ndio mstari wa kati. Kisha tafuta tofauti ya kila kipimo na kilichokitangulia, bila kujali kipi kikubwa, upate wastani wa tofauti hizo. Uzidishe kwa 2.66. Tuseme wastani wa uzito ni kilo 50.1 na wa tofauti ni 0.3: jibu ni karibu 0.8. Mpaka wa juu unakuwa 50.9, wa chini 49.3. Chora mistari hiyo mitatu, kisha weka kila kipimo kama nukta. Ile 49.7 iliyonikimbiza imo ndani kabisa.

Hapa wengi huteleza, hata wakubwa wa kazi: mipaka hiyo haitoki kwa bosi wala kwa mteja. Inatoka kwenye mashine. Mteja akisema hataki mfuko chini ya 49.5, chati iliyotulia, yenye nukta zote ndani ya mipaka hiyo, haimpi anachotaka, na kumfokea mwendesha mashine hakubadilishi kitu, kwa kuwa hakuna alichokosea. Linalotakiwa ni kuibadili kazi yenyewe: mdomo wa kujazia, hewa, aina ya mfuko. Hilo ni jukumu la uongozi, na ninyi mnaoshika chati ndio mnaopaswa kulisema.

Nukta ikitoka nje ya mpaka, simama utafute sababu siku hiyohiyo. Lakini tazama pia nukta zinazojipanga upande mmoja. Masika moja nilihesabu nane mfululizo chini ya mstari wa kati, zote ndani ya mipaka. Safari hii sikumwambia kaka aongeze. Nilimwomba tufungue mashine tuangalie. Vumbi la saruji lilikuwa limeshika unyevu, likagandia kwenye mizani ya ndani. Mashine ilihesabu uzito wa lile gamba kama saruji ya mteja, ikafunga mapema. Tulikwangua, tukarudisha mizani kwenye sifuri, nukta zikarudi kuzunguka mstari. Ningeongeza kipimo tu, gamba lingebaki likikua.

Tangu hapo naandika pembeni ya kila nukta kilichotokea: zamu imebadilika, mvua, umeme ulikatika, mifuko ya shehena mpya. Anayepokea zamu saa nane usiku asiwe na haja ya kunipigia simu.