Jibu: Ujumbe wa tahadhari kwenye dashibodi, upi ukae na uondoke lini

Mkuu, umeuliza namna ya kufanya maneno yenyewe ya tahadhari yatokee kwenye dashibodi ya kuangalia mtandao, maana kwa sasa unaona namba tu, "tahadhari 14", na ukitaka kujua ni za nini inabidi uingie kwenye seva usome logi. Nimepita humo humo. Kuyaleta maneno kwenye skrini ni kazi ya nusu saa. Kilichonila miezi ni kujua maneno yapi yakae pale, na yatoke lini.

Nianze na ujinga wangu. Mara ya kwanza nilichukua sislogu (ujumbe ambao vifaa huandika vyenyewe kuhusu yanayovipata) za swichi na ruta zote nikazimwaga kwenye jedwali moja la Grafana, programu ya kuchora dashibodi, mpya juu, za zamani zinashuka. Ilipendeza! Mistari inatiririka, wakubwa wakipita wanasimama kutazama. Usiku mmoja nikiwa zamu, saa nane na ushee, linki ya kwenda kwenye swichi inayobeba ghorofa nzima ikakatika. Dakika haijaisha skrini imejaa: vifaa vya Wi-Fi havipatikani, printa hazijibu, kamera hazijibu, simu za mezani zimepotea. Ule mstari mmoja uliobeba jibu ulikuwa umeshasukumwa chini huko kurasa kadhaa. Nikahangaika na kamera dakika arobaini. Kamera, mkuu.

Asubuhi yake ndipo nikaona kosa. Nilikuwa nimetundika ukutani shajara, wakati nilichohitaji ni orodha ya waliolazwa wodini: nani bado yuko kitandani, tangu lini, na akipona jina linafutwa. Kwa hiyo kila ujumbe wa ubovu lazima ujue mwenzake wa kupona. Kwenye SNMP, lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao, hilo ni rahisi: trapu (taarifa ambayo kifaa hutuma chenyewe) ya linkDown, yaani linki imekatika, ni 1.3.6.1.6.3.1.1.5.3 na ya linkUp, yaani imerudi, ni ile ile ikiishia na 4. Zikutanishe kwa jina la kifaa na ifIndex, yaani namba ambayo kifaa kimeipa poti. Ya pili ikifika, mstari wa ya kwanza unaondoka kwenye paneli na kwenda kwenye historia. Usiziweke kama mistari miwili.

Ila usiziamini trapu peke yake. Zinasafiri kwa UDP, njia isiyothibitisha kama ujumbe umefika, poti 162 (hii ni namba ya huduma, si tundu la swichi), na UDP ikipotea njiani hakuna anayejua. Ikipotea ile ya kupona, mstari wako utabaki mwekundu mpaka mtu auzoee, na mtu akishazoea wekundu mmoja atazoea na mingine. Mimi trapu naitumia kwa ajili ya wepesi tu. Kila dakika moja nauliza ifOperStatus ya poti, yaani kama inafanya kazi sasa hivi, na jibu la hapo ndilo lenye kauli ya mwisho.

Sasa rangi. Wengi (na mimi nilikuwemo) huchukua ile namba ya uzito wa sislogu, 0 mpaka 7, na kuigeuza rangi moja kwa moja. Angalia kitakachokupata kwenye vifaa vya Cisco: ujumbe wa %LINK-3-UPDOWN hutoka linki ikikatika, na hutoka tena linki ikirudi, kwa uzito ule ule wa 3. Maana yake habari njema inakujia imevaa nyekundu. Namba ile aliiweka mtengenezaji wa kifaa, na yeye hajui kwamba poti ya 3 kwako ni kompyuta ya mapokezi na poti ya 24 ndiyo uti wa mgongo. Uzito upange wewe, kwa kazi inayofanywa na poti. Na pembeni ya rangi weka neno, kwa sababu kuna wenzetu ambao nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Maneno yenyewe nayo yaandike upya. Kwangu mwanzoni ilikuwa inatoka hivi: "linkDown ifIndex 10124". Nani anaijua 10124 usiku wa manane? Tena kwenye baadhi ya vifaa namba hiyo hubadilika kikiwashwa upya. Vuta ifAlias, yaani yale maelezo ambayo fundi aliyaandika kwenye poti wakati wa kuifunga. Sasa hivi mstari wangu unasomeka: "Swichi ya ghorofa 2, poti 24, linki ya kwenda swichi kuu: imekatika tangu 02:13". Mtu wa zamu anajua aende wapi kabla hajagusa kibodi. Kama poti zako hazina maelezo, hiyo ndiyo kazi ya kuanzia, hata kabla ya dashibodi.

Yale mafuriko ya kamera na printa huzuiwa kwa kuueleza mfumo nani anamtegemea nani. Kwenye Zabbix, mfumo wa kuangalia mtandao, unaweka utegemezi kati ya triga, yaani masharti yanayowasha tahadhari. Kwenye Nagios, mfumo mwingine wa aina hiyo, unataja wazazi wa kila kifaa, na mzazi akifa watoto hawahesabiwi kuwa wameharibika, wanahesabiwa kuwa hawafikiki. Kwenye Alertmanager, sehemu inayotuma tahadhari za mfumo wa Prometheus, unaandika kanuni ya zuio, kwamba tahadhari hii ikiwaka zile zenye lebo sawa zinyamaze. Halafu kundi: bila kugusa mipangilio yake, Alertmanager husubiri sekunde 30 ikusanye zinazofanana, na huirudia tahadhari isiyotatuliwa kila baada ya saa 4. Kumbuka subira hiyo ni ya arifa zinazotumwa kwenye simu na barua pepe; paneli inayosoma Prometheus moja kwa moja haingoji.

Linki zinazochezacheza zipe muda tu. Dakika mbili za ubovu mfululizo ndipo mstari uonekane, isipokuwa kwa linki kuu.

La mwisho, ambalo hujauliza. Kuna wikendi dashibodi yangu ilikuwa safi kabisa, haina hata mstari. Jumatatu tukakuta diski ya seva ya kukusanya imejaa tangu Ijumaa. Hakuna ujumbe ulioingia. Skrini tupu ya mtandao usio na ubovu na skrini tupu ya seva iliyokufa zinafanana kama mapacha. Siku hizi kona ya juu kulia nimeweka kisanduku kinachosema ujumbe wa mwisho uliingia sekunde ngapi zilizopita, na kuna tahadhari moja ya uongo inayowaka muda wote makusudi. Hiyo ikizimika, simu yangu inalia kutoka kwenye seva nyingine kabisa.

Sema unatumia mfumo gani na una vifaa vingapi, nitakuwekea hapa ile kanuni ya zuio jinsi nilivyoiandika.