Maswali na majibu: Mtego ulioutega ni wako mpaka uutegue

Barua za mwezi huu ni nyingi, na zaidi ya nusu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nyama iliyokutwa kwenye mtego wa mtu mwingine ni ya nani? Nitajibu mara moja tu hapa chini, sitarudia. Zilizobaki nimechagua zinazohusu vitu ambavyo wawindaji wanatuachia porini na mashambani wakishaondoka. Miaka yangu yote ya uaskari wa wanyamapori, upande wa magharibi wa Serengeti, niliona nyaya zikiua wanyama wengi kuliko risasi, na nyingi kati ya hizo mwenyewe alikuwa ameshazisahau.

Shikamoo mzee. Asubuhi nimekuta swala pala amekufa kwenye waya mpakani mwa shamba langu la mahindi. Si mimi niliyetega. Nikimchuna nina kosa? (Mkulima, Bunda)

Marahaba. Ndiyo, una kosa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wao, hata huyo aliyefia kwenye mahindi yako. Nyama yake, ngozi yake na pembe zake ni nyara za Serikali. Wapo watu wa mkoa wetu wa Mara waliohukumiwa miaka 20 jela kwa vipande vya nyama kavu ya nyumbu, na mahakamani hakuna aliyewasikiliza waliposema mtego haukuwa wao. Usimguse. Mwite mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, naye ampigie afisa wanyamapori wa wilaya, nanyi msimame hapo mkiwa zaidi ya mmoja mpaka afike.

Wakati mnamsubiri bwana nyama, kagueni mpaka wote wa shamba hatua kwa hatua. Mtegaji hategi waya mmoja. Hutega kwa mstari, kila pengo la kichaka na lake. Wewe umeniuliza habari ya nyama. Mimi nataka kujua watoto wako wanapita wapi wakienda kuchota maji.

Waya ukikaa porini miaka miwili, hauozi wenyewe? (Msomaji, Mwanza)

Hauozi. Hii ni mara ya nne naulizwa.

Mzee, ng'ombe wangu wa maziwa amekatwa mguu na waya wa kutegea nyumbu kwenye malisho ya kijiji. Mwenye mtego tunamjua, lakini anasema aliutelekeza zamani, kwa hiyo si wake tena. Naweza kudai kifuta jasho? (Mfugaji, Serengeti)

Pole sana. Kifuta jasho ni cha hasara iliyoletwa na wanyamapori, kwa mfano tembo wakimaliza shamba usiku mmoja. Ng'ombe wako ameumizwa na mtu. Nenda polisi, mwombe daktari wa mifugo aandike maelezo ya jeraha, na huo waya uufikishe polisi siku hiyo hiyo. Usiuweke nyumbani hata usiku mmoja. Walioshuhudia wakati ng'ombe ananasuliwa waandikwe majina mapema, kabla undugu na ujirani haujaanza kuwafunga midomo.

Sasa nije kwenye hayo maneno ya jamaa yako, kwamba aliutelekeza. Ndiyo maneno yanayoniumiza kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu nimeona maana yake. Masika moja tulikuwa doria kandokando ya Mto Grumeti. Tukafika kwenye mgunga mkubwa uliokuwa na waya shinani. Ulikuwa waya wa tairi, ule unaopatikana kwa kuchoma matairi mabovu. Gome lilikuwa limeumeza. Lilikuwa limevimba juu na chini ya waya na kufumba kama midomo miwili, huwezi kuingiza hata ukucha. Uzio wa miiba ambao mtegaji aliujenga ili kuwasukuma nyumbu kwenye pengo ulikuwa umekwisha. Mchwa walikuwa wameula ukabaki mstari wa vumbi jekundu. Kila kitu alichotengeneza yule mtu kilikuwa kimerudi ardhini isipokuwa waya. Na ndani ya kitanzi kulikuwa na fuvu la fisi, na mifupa ya shingo bado imepangana.

Yule fisi hakuliwa na mtu wala hakuuzwa. Mtegaji pengine alikuwa ameshahamia mjini, ana kazi nyingine, anajiita mtu aliyeacha ujangili. Kitanzi cha waya kazi yake ni kukaza tu: kadiri mnyama anavyovuta ndivyo kinavyoingia, na akitulia hakilegei. Hakijui kama msimu wa nyumbu umepita, wala kama mwenyewe ameokoka au amefungwa. Ndiyo maana nashikilia neno moja ambalo wazee wetu walikuwa nalo tayari: kutegua. Aliyetega ana wajibu wa kutegua. Mwambie hivyo mbele ya mwenyekiti, na mwambie awaonyeshe mingine iko wapi.

Shamba ni langu na hati ninayo. Nguruwe pori wamemaliza mihogo. Kwa nini nisitege waya ndani ya mipaka yangu? (Kijana, Kilosa)

Kwa sababu hati yako ni ya ardhi tu, haikupi wanyama wanaopita juu yake. Na kutega kwa waya kumekatazwa na sheria bila kujali unatega wapi. Hayo ungeweza kuyapata kwa mtendaji wako bila kuniandikia.

Lakini hasira yako naielewa na sitaki kuipuuza. Niliwahi kufanya kazi wilaya moja ambako afisa wanyamapori alikuwa mmoja, na pikipiki moja isiyo na mafuta. Mkulima alitoa taarifa Jumatatu, akamwona bwana nyama wiki iliyofuata, na mihogo haikumsubiri. Tukimwambia mtu asitege halafu tusifike, tunamfundisha kutega. Hilo nililisema nikiwa kazini na nalisema tena.

Kwa sasa, lindeni kwa zamu na majirani. Wekeni dungu moja katikati ya mashamba matatu badala ya kila mtu kulala peke yake, fyekeni vichaka vya mpakani wanamojificha mchana, na pelekeni ombi la kijiji zima wilayani kwa maandishi, lenye muhuri. Ombi la kijiji halikaliwi kirahisi kama la mtu mmoja. Waya achana nao. Nguruwe anapita usiku, na alfajiri anayepita pale pale ni mbwa wa jirani, digidigi, au mtoto aliyekatisha njia kwenda shule.

Mimi ni dereva wa watalii. Nikiona waya ndani ya hifadhi, nishuke niutoe? (Arusha)

Usishuke. Weka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu, piga picha ukiwa ndani ya gari, toa taarifa getini au kwa askari wa karibu. Kichaka chenye mtego kinaweza kuwa na mtegaji, au simba aliyekuja kula kilichonaswa. Tena kukutwa na nyaya ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa linalojitegemea. Majalada ya mahakama za Mara yamejaa ile orodha ya panga moja, kisu kimoja na nyaya mbili za kutegea wanyama. Usijiingize humo kwa nia njema.

Juu ya mkwaju nyuma ya shamba letu la urithi kuna dungu la mbao. Wawindaji walilijenga ili kuvizia wanyama wanaoshuka bwawani usiku. Sasa hawaji tena, na watoto wanapanda kucheza. Nilibomoe au niwasubiri wenyewe? (Mama wa watoto watatu, Handeni)

Libomoe wiki hii, mama, na leo hii wakataze watoto kupanda.

Dungu la kulinda mahindi ni kitu kingine. Hilo hukaliwa kila msimu, mwenyewe hukaza kamba na kubadilisha fito kabla hajalala juu yake. Dungu la mwindaji hujengwa kwa usiku chache. Akishapata alichokifuata hana haja nalo tena, na hakuna anayelitazama. Kamba za magome hukauka na kukatika zenyewe. Fito zilizoliwa na mchwa au dumuzi huonekana nzima kwa nje. Igonge fito kwa fimbo, ikitoa sauti nyembamba ya kitu kitupu ujue ndani ni unga. Mtoto hawezi kujua hilo, na mtu mzima pia hajui mpaka iwe imevunjika.

Asipande mtu kulifungua. Tupeni kamba ndefu juu ya boriti kuu, vuteni kutoka chini mkiwa mbali, na watoto wasiwepo. Kisha mwite fundi aje na ngazi ang'oe misumari yote kwenye mkwaju, kwa sababu siku moja mtu atapasua huo mti kwa msumeno na msumari uliofunikwa na gome utamrudia usoni. Halafu zungukeni chini ya mti mpaka ukingo wa bwawa. Palipo na dungu la kuvizia mara nyingi pana na nyaya. Mkikuta maganda ya risasi yaacheni yalipo, toeni taarifa.

Nakuomba jambo moja zaidi: ulizia nani aliwapa ruhusa kujenga. Mara nyingi ni ndugu mmoja wa ukoo, kwa paja la ngiri.

Mzee, mimi ni Mtanzania ninayeishi Pennsylvania, nimeanza kuwinda kulungu wa huku kwa upinde. Kwenye ardhi ya jimbo ya wawindaji nimekuta kiti cha chuma kimefungwa mtini, kina kutu, hakina jina. Naweza kukitumia? (Msomaji, Marekani)

Usikikalie. Hilo ni dungu kama la yule mama wa Handeni, tofauti ni chuma. Mikanda ya nailoni inayokishikilia huliwa na jua, kindi huitafuna, na mti unaponenepa huivuta mpaka inakatika siku uzito wa mtu unapoongezeka. Unachokiona ni chuma, lakini kinachokubeba ni mkanda.

Sheria za huko zinakusaidia. Kwenye ardhi hizo za jimbo kiti huruhusiwa kuwekwa kuanzia wiki 2 kabla ya msimu wa kwanza wa kulungu na lazima kiwe kimeondolewa wiki 2 baada ya msimu wa mwisho, tena kiwe na jina na anwani ya mwenyewe au namba yake ya utambulisho. Hicho kisicho na jina kipo kinyume na taratibu tayari. Kitolee taarifa kwa askari wa wanyamapori wa eneo hilo. Usikifungue ukakipeleka nyumbani, maana mali ya mtu iliyotelekezwa bado inaweza kuitwa mali ya mtu. Na cha kwako ukifunge na ukifungue mwenyewe kila mwaka, hata kama mahali ni pazuri na unajua utarudi.

Ni kweli gorila wa Rwanda wanategua mitego? (Mwanafunzi, Bukoba)

Kweli. Julai 2012, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano, wafuatiliaji wa kituo cha utafiti wa gorila cha Karisoke waliwaona Rwema na Dukore, gorila wadogo wa kundi la Kuryama, wakivunja mitego. Mmoja aliruka juu ya tawi lililopindwa akalivunja, mwingine akakifungua kitanzi. Siku chache kabla yake mwenzao mdogo, Ngwino, alikufa kwa sababu ya jeraha la mtego.

Msiifanye habari hii kuwa faraja. Ile ni mitego ya kamba na tawi, iliyotegewa swala. Waya hauvunjwi hivyo. Katika msitu wa Budongo, Uganda, wapo sokwe wengi wanaoishi bila vidole au bila kiganja kwa sababu ya mitego ambayo haikuwalenga wao.

Shikamoo mzee. Nilitega nyumbu miaka sita, nikaacha baada ya kaka yangu kufungwa. Usiku ule tuliokimbia askari tuliacha nyaya nyingi, na miti naikumbuka. Nikirudi kuzitoa nitakamatwa? Jina langu usilitaje. (Mkoa wa Mara)

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Usirudi peke yako. Ukikutwa humo na waya mkononi, askari hana namna ya kujua kama unautega au unautegua, na sheria haimtaki akuulize. Lakini usikae kimya pia. Tangu Aprili 2017 kuna mpango wa kuondoa nyaya Serengeti, unaoendeshwa na Shirika la Wanyama la Frankfurt pamoja na hifadhi na kampuni za utalii, na kwenye vikosi vyake wamo watu waliokuwa wawindaji haramu. Wamechukuliwa kwa sababu wanaona asichokiona askari: wapi nyumbu ataminywa na kichaka, urefu gani kitanzi kining'inie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba nyumbu kati ya elfu 97 na laki 1 na elfu 40 huchukuliwa kwa kitoweo kila mwaka katika ikolojia ya Serengeti. Hata vikosi vingekuwa kumi, haviwezi kukagua kila mti. Wewe miti yako unaijua.

Fanya hivi. Chukua daftari leo, kabla hujazungumza na mtu. Chora kijito, kivuko, kichuguu, mti mmoja mmoja, na kwa kila mti andika nyaya ngapi na zilifungwa shinani au kwenye tawi. Kama mlikuwa wawili, kamtembelee kaka yako gerezani akuongezee ya kwake, maana naye alitega. Kisha uende kwa mwenyekiti wa kijiji na mzee mmoja unayemwamini, wao ndio waombe mkutano na mhifadhi. Siwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa mambo ya zamani. Utaulizwa, na ujibu.

Kama huna mzee wa kukusindikiza, niandikie tena uniambie tukutane wapi, nitakwenda nawe. Ila tuwahi. Mwezi wa tano nyumbu wanaanza kuingia upande wetu.