Kagua udongo kwanza, ndipo ushike ndoo

Jua likianza kuchoma, wengi wetu tunaongeza mara za kumwagilia: kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Ukifukua hapo utakuta udongo umelowa juu juu tu, na chini ni mkavu. Mizizi hufuata maji yaliko. Yakiishia juu, nayo hubaki juu, kwenye udongo unaokauka upesi kuliko wote.

Bustanini mimi humwagilia mara chache lakini kwa wingi. Kipimo cha kuanzia kwa mboga ni kama lita 25 kwa wiki kwa kila mita moja ya mraba, ambayo ni sawa na mvua ya milimita 25. Nazigawa mara mbili. Joto likizidi, au udongo ukiwa wa kichanga, naongeza. Baada ya muda nachimba pembeni kwa koleo dogo nione unyevu umefika wapi. Kama haujafika urefu wa kiganja kwenda chini, kazi haijaisha. Udongo wa mfinyanzi hunywa polepole, kwa hiyo mwaga, uache unyonye, kisha urudie, la sivyo maji yote yanaishia njiani.

Miche iliyohamishwa juzi haimo kwenye hesabu hii. Mizizi yake bado mifupi, itazame kila siku.

Vyungu navyo vina mambo yake. Udongo ni kidogo na joto linaingia kutoka kila upande, hivyo siku ya jua kali na upepo chungu kidogo kinaweza kudai maji asubuhi na jioni. Cha udongo wa kuchomwa hupoteza maji hata kupitia kuta zake. Cha plastiki hukaa na unyevu zaidi, ingawa kile cheusi kikipigwa na jua hupata moto hadi mizizi ya pembeni ikaumia. Ratiba haisaidii hapa. Zamisha kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na ubichi, achana nacho. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini.

Lakini angalia hayo maji yanavyotoka. Yakitoka papo hapo, usifurahi. Udongo wa chungu uliokauka kabisa husinyaa na kuachana na ukuta, halafu unayakataa maji. Yanateremka kwenye ule ufa na katikati hapalowi. Kinyanyue: kikiwa chepesi bado, ndiyo hali hiyo. Kitumbukize kwenye beseni la maji, viputo vitaanza kupanda. Vikikoma, kama baada ya nusu saa hivi, kitoe kichuje. Hakuna njia ninayoiamini kuliko hiyo.

Majani kulegea saa saba mchana si lazima iwe kiu. Mimea yenye majani mapana, kama maboga, hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na jua likipungua hujirudi yenyewe. Ikiwa imelegea bado alfajiri, hapo ina shida. Na ukigusa udongo ukakuta umelowa chepechepe huku mmea umenyauka, shida ni mizizi kuoza. Kuongeza maji ni kuumalizia.

Saa nzuri ni alfajiri. Jioni inafaa pia, ila mwaga shinani, maana majani yakilala na maji hualika ukungu. Mchana maji mengi hupotea hewani, lakini mmea unaokufa usiungojeshe eti matone yatachoma majani. Kinachounguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yaache yatoke kwanza mpaka yapoe.

Ukitaka kupumzika na ndoo, tandaza nyasi kavu au majani unene wa sentimita 5 hadi 8, uache nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Tandaza udongo ukiwa umeshalowa. Nyanya hasa hushukuru: ukame ukifuatwa na gharika huzipasua, na unyevu wa kupanda na kushuka huchangia lile doa jeusi la kitakoni.

Ukisafiri siku chache, visogeze vyungu pamoja kivulini, mbali na upepo, baada ya kuvinywesha vizuri. Usiviache vimekaa kwenye sahani zilizojaa maji. Mizizi itakosa hewa, na ukirudi utapokewa na mbu.